Mguu Pande

"Mguu…"

Akaishia hapo. Mwalimu Ashiru alisimama mbele ya wanafunzi mia sita na themanini, kifua nje, mikono imenyooka ubavuni, mdomo wazi, na nusu ya pili ya amri haikutoka. Upepo wa mwezi wa saba, ule wa Newala unaopenya hadi kwenye mifupa, ulikuwa unaipiga kamba ya bendera kwenye mlingoti. Watoto walikuwa wamebana midomo, wengine mashavu yameshavimba. Mwalimu Mkuu alishika daftari lake la matangazo, mkufunzi wangu kutoka chuoni alishika kalamu, na mimi nilishika filimbi. Wote tulikuwa tunangoja neno moja, na neno lile nilikuwa nimeliharibu mimi.

Sijamsimulia mtu habari hii. Nasimulia leo kwa sababu watu wananiita mwalimu mzuri, na nimechoka kulisikia jina hilo.

Naitwa Anjelina, Mmakua wa Lukuledi, pale misheni. Wakati huo nilikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, upande wa michezo. Watu wakisikia mwalimu wa michezo wanadhani ni mtu wa kutupa mpira uwanjani halafu akakae kivulini. Thubutu! Kuna kupima uwanja kwa hatua. Kuna kumdaka mtoto anayepinduka sarakasi asije akavunja shingo. Kuna kugawa mipira minne kwa watoto hamsini na asibaki hata mmoja amesimama anachokonoa pua. Na juu ya yote kuna sauti. Mwalimu wa hisabati sauti ikimkauka ana ubao. Wa michezo hana ubao, ana filimbi na koo lake, basi.

Na koo langu ndilo lilikuwa na kasoro. Kimakua chetu hakina g, wala d, wala b. Ukikulia humo, shuleni unazikamata hizo herufi moja moja mpaka unazizoea, na mtu akiongea na wewe taratibu hawezi kukujua. Lakini ukishtuka zinakukimbia. Baba anakuwa papa, gari linakuwa kari. Katika mazoezi yangu ya kwanza ya kufundisha, mwaka uliotangulia, mkufunzi aliandika hivi: "Amri hazieleweki. Wanafunzi wanamcheka." Akanipa alama za kunitupa nje. Nikaruhusiwa kurudia mara moja tu. Nikishindwa tena, nirudi Lukuledi nikapalilie mikorosho ya mama.

Ndivyo nilivyopangiwa Newala, wiki nane, katika shule moja ya msingi iliyo ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu, ambapo uwanja wa mpira unaishia na bonde linaanza, na ukitazama ng'ambo ya Ruvuma unaiona Msumbiji. Jina la shule sitalitaja. Mwalimu mwenyeji wangu, yaani wa kunisimamia na mwishoni kunijazia fomu, alikuwa Mwalimu Ashiru.

Siku ya kwanza nilimkuta ofisini anaziba mpira kwa gundi ya baiskeli.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kwenu wapi, binti?"

"Lukuledi."

"Mmakua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akauweka mpira chini, akawageukia wenzake. "Jamani, nimeletewa mtani wangu! Ficheni samaki nchanga wenu!"

Samaki nchanga ni panya wa shambani. Huku kwetu ni kitoweo, na kila kabila linamsingizia mwenzake. Nikajibu papo hapo, maana mdomo wangu haujawahi kuchelewa. "Wa kufichwa ni wewe, Mwalimu. Mmakonde habakizi hata mkia."

Ofisi nzima ilicheka, na yeye akacheka kuliko wote, akapiga paja. Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukuvua nguo kwa maneno mbele za watu nawe ukacheka. Hata msibani, mtani humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Sheria ni mbili tu. Mtani hakasiriki, na mtani hamshitaki mtani wake.

Mwalimu Ashiru alikuwa na miaka hamsini hivi, na mguu wa kushoto ulikuwa mbovu. Ujanani alichezea timu ya wilaya, winga wa kushoto, mpaka siku lori lililowarudisha kutoka mechi lilipopinduka kwenye mteremko. Mfupa uliungwa vibaya. Akisimama, unyayo ule ulitazama nje, kando, kama mlango usiofunga vizuri. Lakini usimwonee huruma haraka. Mtu yule akisimama mstarini asubuhi, akiita "Mguu… sawa!", watoto mia sita waligonga visigino mara moja na vumbi likanyanyuka sawia. Akiita "Mguu… pande!", miguu ya kushoto mia sita ilisogea kando, ikatua. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiita hivyo. Hakuwa mwalimu mkuu, hakuwa na gari, nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma isiyokwisha. Alikuwa na ule mstari wa asubuhi. Watu wa kijiji wakichelewa kuamka walisema, "Leo Ashiru amenitangulia."

Na alinifundisha. Hilo lazima niliseme, nisije nikajitengenezea kisingizio. Jioni watoto wakishatawanyika alinisimamisha katikati ya uwanja, yeye akaenda kukaa kwenye goli la mbali.

"Shika koo lako," aliniambia. "Sema g. Likitetemeka chini ya kidole, umeipata. Lisipotetemeka, hiyo ni k, irudishe kwenu."

Nikawa nasimama peke yangu, kidole kooni, nasema guu, guu, guu, mpaka wachota maji waliokuwa wanapanda kutoka bondeni na ndoo zao wakasimama kunitazama.

Akanifundisha na lile la pili. "Amri ina maneno mawili. La kwanza la kuwaamsha, la pili la kuwatikisa. Katikati, ngoja. Usiogope ule ukimya. Hapo katikati ndipo ualimu ulipo."

Sasa sikia nilivyomlipa.

Ilikuwa wiki ya tatu, Jumatano, darasa la sita, watoto arobaini na sita. Somo lilikuwa kupokezana vijiti, na vijiti vyenyewe vilikuwa vipande vya miti ya mihogo nilivyokata mwenyewe. Mwalimu Ashiru alikaa kwenye kiti pembeni, fomu ya mazoezi gotini, anapima. Nilikuwa nimelala saa chache, nimeandaa andalio la somo mara tatu. Nikapuliza filimbi. Nikajaza kifua. Nikaita.

"Mkuu… pante!"

Niliisikia mwenyewe ikitoka. Darasa likapasuka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa nilikuwa na hofu zaidi, ikatoka mbaya zaidi. Mkuu pante! Mkuu apande!

Mwalimu Ashiru, kwenye kiti chake, akatikisa kichwa. "Loo, mtani wangu! Unataka Mkuu apande nini? Mkorosho?"

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Yuliana, alikuwa mama mnene, mzito, mwenye heshima zake. Watoto walimwona akiparamia mkorosho, wakafa kwa kicheko. Najua hakuwa na ubaya. Alifanya kama mtani, ili kicheko kipite, na baada yake tuendelee na kazi. Lakini mimi sikuona mtani. Niliona ile fomu gotini, nikaona maneno "wanafunzi wanamcheka" yakiandikwa mara ya pili, nikaiona mikorosho ya mama. Nikapandwa na hasira, na hasira zangu hazipigi kelele. Zinatafuta neno.

Nikamgeukia. Nikatabasamu. Nikasema taratibu, na kila herufi ikakaa mahali pake.

"Heri mimi, Mwalimu, niliyepinda ulimi. Ulimi unanyooka. Kuna mtu hapa amesimama mguu pande tangu Januari mpaka Desemba, hata akijiamrisha sawa mwenyewe, hajisikii." Halafu nikapiga goti kidogo, kwa adabu zote za binti wa kwetu. "Shikamoo, Mwalimu Mguu Pande!"

Kwanza hawakucheka. Watoto arobaini na sita wakatazama chini, wote kwa pamoja, kwenye mguu ule. Miaka yote waliuona. Hakuna aliyewahi kuliweka neno lile juu ya mguu ule, na mara walipoviona vimekutana, hawakuamini kwamba hawakuviona zamani. Msichana mmoja mrefu, Ziada, mwepesi wa mbio na wa mdomo, ndiye aliyeanza kucheka. Wakafuata wote.

Na Mwalimu Ashiru akacheka. Angefanyaje? Mtani hakasiriki. "Umenipata, mtani," akasema, akainamisha kichwa kwenye fomu. "Haya, endelea na somo."

Niliendelea. Nikaita "Mguu sawa", herufi zote zimenyooka, na darasa zima likagonga visigino. Nikawagawa timu nne, wakagawanyika. Nikawaambia kijiti kipokelewe mkono wa nyuma bila kutazama, wakapokea. Vipindi vilivyofuata walinikimbilia kabla sijafika uwanjani, wananibebea vijiti, wanagombania nani ashike filimbi yangu. Walikuwa wangu. Nilikuwa nimepata kile ambacho chuo kilinifundisha miaka miwili bila kunipa, na nilikipata kwa sentensi moja. Usiku ule nililala usingizi mtamu kabisa, ndiyo, usinishangae.

Jina lilitembea. Alhamisi lilikuwa darasa la tano, Ijumaa darasa la pili. Jumatatu mstarini, Mwalimu Ashiru akaita kama siku zote, "Mguu… pande!", na kutoka nyuma kabisa, sauti moja ya kike ikajibu, nyembamba, ya adabu:

"Shikamoo!"

Ziada huyo. Alijibu kana kwamba mtu kajitambulisha. Wakacheka wachache. Jumanne walijibu kumi. Alhamisi ilijibu shule. Mwalimu wa watu anaita amri, watoto mia sita wanamwamkia kwa jina la mguu wake, na hakuna cha kuwashika, maana kosa liko wapi? Kumwamkia mwalimu si kosa. Shikamoo haijawahi kumpeleka mtoto kwenye kiboko.

Alijaribu kulikwepa. Akaita "Pumzikeni." Watoto wakaona analikwepa, ikawa tamu zaidi. Akajaribu filimbi, pyaa moja kwa sawa, pyaa mbili kwa pande. Baada ya pyaa ya pili shule ikajibu, "Shikamoo!" Akamwomba mwenzake amshikie zamu siku moja, yule mwenzake akaita mguu pande, na watoto wakageuza vichwa wote kumtafuta Ashiru alipo. Neno lile haliwezi kufichwa. Linaitwa kila asubuhi katika kila shule ya nchi hii. Ningemwita chongo, ningemwita kiwete, wangechoka baada ya mwezi. Mimi nilimpa jina ambalo serikali yenyewe ingewakumbusha.

Binti yake Naima alikuwa darasa la nne. Siku moja nilimtazama makusudi wakati wenzake wanajibu. Alikuwa anachezesha midomo bila sauti, ili walio pembeni yake wasione kwamba hajibu.

Bodaboda wa njia panda wakalidaka. Wanawake wa kisimani wakalidaka. Mkulima mmoja alishuka kwenye baiskeli, suruali imejaa unga wa salfa waliokuwa wanapulizia mikorosho, akampa mkono: "Habari za asubuhi, Mguu Pande." Hakuwa na ubaya hata yeye. Ndivyo alivyosikia mtu anavyoitwa.

Wiki ya tano alinifuata stoo ya michezo, nikiwa nahesabu mipira. Akafunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama.

"Mtani," alisema.

"Naam, Mwalimu."

"Mimi na wewe watani. Ungeniita hivyo ofisini, barazani, hata siku ya maziko yangu, ningecheka nikiwa ndani ya sanda. Lakini watoto wale si watani zangu. Ni wanafunzi wangu."

Nikaendelea kuhesabu mipira.

"Nimeshindwa kuwaondolea. Uliwapa wewe. Uwanyang'anye wewe. Jumatatu simama mstarini uwaambie, mimi Madam Anjelina nilitania vibaya, jina hilo nimelifuta. Wanakupenda. Watakusikia."

"Jumatatu anakuja mkufunzi kunipima."

"Najua."

"Jumanne je? Akishaondoka?"

"Mkufunzi wako anakaa siku moja," akasema. "Mimi nakaa hapa mpaka nistaafu. Mtaa wangu ni huu, mke wangu anachota maji kisima hiki. Kila asubuhi, binti, nasimama pale kama mtu anayesubiri kupigwa kofi. Nimebakiwa na nguvu za asubuhi moja. Ya pili sina."

Sauti yake, ile ya kuamsha kijiji, ilikuwa imekauka. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Nilimwonea huruma sana, nikasema, "Sawa, Mwalimu. Jumatatu." Na nilipokuwa nasema hivyo, moyoni nilishajua kwamba sitafanya. Mwanachuo anayejitia hatiani mbele ya mkufunzi wake, siku ya kupimwa? Nirudi kupalilia?

Basi, Jumatatu. Mkufunzi Isaka alifika na pikipiki kabla ya kengele, akasimama kando ya mlingoti na ubao wake wa kuandikia. Mwalimu Ashiru alinitazama mara moja kabla ya kwenda mbele. Nilikuwa nimesimama karibu, nafasi ilikuwepo, sekunde zilikuwepo. Nikajifanya naifunga filimbi shingoni.

"Mguu…"

Akangoja, kama alivyonifundisha kungoja. Na katika ule ukimya akatambua kwamba sitasema. Nilimwona akitambua. Mdomo ulibaki wazi, hakuna kilichotoka, na shule ikangoja, ikangoja, ikachoka kungoja. Wakajibu hivyohivyo, amri haijaisha.

"Shikamoooo!"

Mwalimu Yuliana akatupa daftari chini. Alikuwa amevumilia wiki mbili, na leo kuna mgeni. "Nani alianza upuuzi huu?" Akapitisha macho mistarini. "Nauliza mara ya mwisho. Nani alianza kumwita mwalimu wenu hivyo?"

Darasa la sita wakanitazama. Si mmoja, si wawili, mstari mzima, vichwa arobaini na sita. Hawakuninyooshea kidole. Walikuwa wananisubiri tu niseme, kwa sababu waliniamini. Nikatazama filimbi yangu. Ilikuwa ya plastiki, ya kijani, na nilisoma maandishi yote yaliyokuwa juu yake.

"Mimi, Mwalimu," akasema Ziada.

Mwalimu Mkuu akamtoa mbele, akampiga viboko vinne vya mikononi. Kwenye kile cha tatu Mwalimu Ashiru alipata sauti. "Mwalimu Mkuu, mwache. Si yeye."

"Ni nani basi?"

Akanigeukia. Watu wote wangeweza kuona anamtazama nani, kama wangetaka kuona. Alinipa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Kisha akatazama chini, kwenye unyayo wake.

"Sijui," akasema.

Mtani hamshitaki mtani wake. Mimi nilikuwa nimeivunja ya kwanza kwa hasira zangu, yeye akazishika zote mbili. Kiboko cha nne kikapigwa. Ziada alikunja vidole, akarudi mstarini bila kulia.

"Madam Anjelina," Mwalimu Mkuu akasema, anahema. "Chukua mstari."

Mwalimu Ashiru akaondoka mbele. Alitembea kutoka pale mpaka ofisini, hatua thelathini hivi, na katika ukimya ule tulisikia mguu mmoja unakanyaga na mwingine unaburuta. Hakuna aliyecheka. Mimi nikasimama mahali pake. Palikuwa pamechimbika kidogo, upande wa kushoto, kwa miaka ishirini na miwili ya unyayo ule. Nikashika koo langu kwa siri, kama ninayerekebisha kola. Lilitetemeka vizuri.

"Mguu… pande!"

G ikatoka, d ikatoka. Miguu mia sita ikasogea na kutua pamoja. Hakuna aliyesema shikamoo. Mkufunzi Isaka akaandika.

Mchana, baada ya somo langu kupimwa na kusifiwa, Ziada alinifuata nyuma ya stoo. Viganja vyake vilikuwa vimevimba, alivishika mbali na sketi yake. Alikuwa anatabasamu.

"Madam, sikusema ni wewe."

Angalia alichoniletea mtoto yule. Alikuja kuchukua hata neno moja tu, asante, pole, chochote. Nikageuka nyuma kuona kama mkufunzi yuko karibu.

"Hukusema nini?" nikamwambia. "Nenda darasani."

Tabasamu lilikawia kuondoka, kama vile halikuelewa. Kisha likaondoka. Tangu siku ile hakubeba vijiti vyangu.

Mwalimu Ashiru aliomba kuondolewa michezo. Akapewa Maarifa ya Jamii, darasa la tatu, na wiki zangu tatu zilizobaki nikasimamia mstari mimi. Siku ya kuaga nilikwenda kwake ofisini. Alinipa bahasha ya fomu imefungwa kwa gamu, muhuri wa shule juu yake, niipeleke chuoni.

"Nashukuru, mtani," nikasema.

"Mwalimu," akanisahihisha, bila ukali. "Niite Mwalimu Ashiru."

Kwa Mmakonde kuukata utani na Mmakua, mdomoni mwake mwenyewe, sijui kama umewahi kusikia. Mimi sikuwahi. Nilichukua bahasha nikaondoka, na njia nzima ya kushuka Masasi niliishika mapajani nikijua kilichomo. Ameandika kila kitu. Ni haki yake. Nilifikiria kuichoma. Nilifikiria kuisahau kwenye gari.

Alihamia shule nyingine mwaka uliofuata, huko chini upande wa Nanganga, alikoomba mwenyewe, mahali asipojulikana. Nilipoajiriwa nilikutana na watoto wa shule ile kwenye mashindano ya kata. Nikawauliza nani anawafundisha michezo.

"Hatuna, Madam," kitoto kimoja kikanijibu, kisafi, chenye adabu. "Yupo Mwalimu Mgupande anaijua, lakini hataki."

"Mwalimu nani?"

"Mgupande. Ndilo jina lake."

Hakikuwa kinatania. Kililitamka kama mtu anavyotamka jina la ukoo, na wenzake wakatikisa vichwa kuthibitisha.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Wiki ile niliporudi chuoni, fomu ilifunguliwa ofisini, na siku mbili nilikaa bwenini na sanduku langu limefungwa tayari. Siku ya tatu tuliitwa ukumbini wote, wanachuo mia na kumi. Mkufunzi Isaka alikuwa na karatasi mkononi.

"Nimesoma fomu za wenyeji wenu wote," alisema. "Wengi wameandika 'anajitahidi', 'ana nidhamu', maneno ya kumwandikia yeyote. Moja tu ndiyo imeandikwa na mwalimu kweli. Sikilizeni." Akavaa miwani. "Sauti, alama zote. Amri, alama zote. Kumudu wanafunzi, alama zote. Maoni ya mwalimu mwenyeji: *Analolisema, wanafunzi hawalisahau.*"

Ukumbi ukanong'ona. Akasoma tena mara ya pili, taratibu, ili waisikie vizuri, kisha akainua macho.

"Anjelina, simama."

Nikasimama. Wakapiga makofi. Mtu wa nyuma akapiga kigelegele, na rafiki zangu waliokuwa wanajua habari ya mwaka uliotangulia walikuwa wanafuta machozi kwa furaha.

"Hebu waambie wenzako," Mkufunzi akasema. "Wanaanza kazi mwakani. Ulifanyaje mpaka neno lako likashika namna hiyo?"

Nilisimama pale na watu mia na kumi wananitazama. Ningeweza kusema hata siku ile.

"Niliwapa mfano," nikasema, "wanaouona kila siku."

Wakainama, wakaandika.